Nilivyobadilisha Maji ya Rejeta Ili Nimfuate 'Mamosa

Jumatatu, 17 Juni

Baridi. Nimeamka peke yangu tena. Mto wa 'Mamosa upo, 'Mamosa hayupo. Amesusa, amerudi kwao Mokhotlong, juu kabisa milimani, na kosa lenyewe ni dogo mno: sufuria. Lile sufuria kubwa la chama cha akina mama cha mazishi, ambalo yeye ndiye mtunzaji wake. Nilihitaji chombo kipana cha kukingia maji ya rejeta. Nikalitumia, nikalisuuza. Sikulisuuza sana. Wenzake wakaona utando wa kijani ndani yake msibani, mbele ya wafiwa, wakalitupa korongoni. Mimi ningecheka. Yeye alifunga mzigo.

Leo shemeji Tlelase, kaka yake, amepiga simu. Sauti yake siku zote ni ya mtu aliyeshiba. Amesema wazee wao wamekaa na wameamua. Nifike kabla ya Jumamosi asubuhi, na mzee wa ukoo wangu wa kunisemea, na kondoo wa kuombea radhi, na nivae blanketi kama mwanamume mwenye kwao. Nisipofika, Jumapili 'Mamosa anapanda basi mpaka mpakani, anavuka kuingia nchi jirani, anakwenda Bloemfontein kwa binamu yake. Huko ameshatafutiwa kazi za ndani. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nakuja na gari. Kisha akasema, "Shemeji, njoo kwa basi. Tunakuomba."

Ananiona mtu gani? Mwanamume akimfuata mke kwa basi, atamrudisha kwa basi, mzigo kichwani, watu wote wa hapa kwetu Butha-Buthe wakitazama stendi. Hapana. Nitamrudisha kwenye kiti cha mbele.

Gari langu ni la zamani lakini lina heshima zake. 'Mamosa hulieleza kwa watu kama "mke mwenzangu". Ni wivu tu. Tatizo lake ni moja, linachemka. Hata kilima cha kanisani linapanda likihema. Leo nimefungua kifuniko cha rejeta nikachungulia. Maji yana rangi ya chai iliyolala, na vipande vya kutu vinaelea.

Jirani yangu Bwana Phallang, au Ntate Phallang kama tunavyosema huku, alikuwa ameegemea uzio. Sikumwita. Ana pikapu ambayo haijawahi kuharibika, jambo ambalo naliona si la kiungwana. Akasema kwa gari hilo asingenituma hata dukani, sembuse kupanda mlima wa Moteng mwezi wa sita, kwenye theluji. Nikamwambia kila kitu kiko kwenye maji. Nitayamwaga yote, nitaosha rejeta, nitaweka dawa mpya ya kuzuia maji yasigande. Akauliza kama nimebakiwa na sufuria.

Jumanne, 18 Juni

Siku ya kuosha. Nimeazima mpira wa maji kwa Phallang, maana wangu umepasuka. Akauleta mwenyewe na akabaki kuangalia. Watu wengine hawana kazi.

Nimelala chini ya gari, mgongo kwenye barafu, nikafungua koki ya rejeta. Maji yakaja yote usoni. Yana ladha ya sukari na misumari. Phallang akaniambia niteme haraka, ile dawa ni tamu lakini ni sumu, mbwa na mifugo huifuata kwa utamu wake na ikishaingia tumboni hakuna daktari. Nikatema. Nikamwambia najua. Sikuwa najua.

Nikaweka maji safi, nikawasha injini, nikazima, nikamwaga. Nikaweka tena, nikamwaga tena. Mpaka mchana maji yalikuwa bado yanatoka kama uji wa mtama. Baadaye yakaanza kuonyesha mwanga. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi kwa muda mrefu, nikageuka kumwita 'Mamosa aje aone. Nikakumbuka. Nikafunga koki kimya kimya.

Phallang akasema nisijidanganye, rejeta nimeiosha lakini injini bado ina maji yake mengine, na ina koki yake pembeni, huko ndani. Lazima nayo niifungue. Nimeitafuta. Nimeipata. Imeshikwa na kutu kama imechomelewa. Nikaigonga kidogo na nyundo, nikajitia hamnazo. Nani atafungua injini milimani kuangalia maji ya ndani?

Nimekula ugali mkavu. Nilisahau kununua mboga.

Jumatano, 19 Juni

Leo akili yangu imefanya kazi vizuri sana.

Kwenye duka la vipuri nimebadilishana: redio ya gari langu kwa chupa tano za dawa ya rejeta, ile ya kijani, nzito, isiyoganda. Mwenye duka akaigeuza redio, akauliza kama inaimba. Nikasema ikipenda. Hilo ni kweli. Haijapenda tangu tulipofunga ndoa.

Nilipofika nyumbani Phallang akahesabu chupa kwa macho. Akasema zinatosha kabisa, nusu dawa nusu maji, na juu kule hata usiku wa barafu hautaniweza. Akasisitiza nusu kwa nusu kama anamfundisha mtoto Baba Yetu.

Hapo ndipo wazo likanijia. Maji ya bombani ni bure. Dawa si bure. Kwa nini nimwage mali yote ndani ya gari ambalo halina hata shukrani? Chupa moja inatosha kuyapa maji rangi. Zile nne nitaziuza kileleni. Kule juu madereva wanalia na barafu, watazigombania. Nitafika kwa wakwe na zawadi mkononi. Tlelase atakosa la kusema.

Alasiri nimekwenda kwa Baba mdogo Lepekola, mdogo wa marehemu baba yangu, ndiye atakayenisemea. Nilimkuta anaota jua na chupa yake ya kahawa ambayo haina kahawa. Nilimweleza kwamba nina mzee lakini sina kondoo. Kisha akainuka, akaingia zizini, akatoka na jike lenye uso mweusi ambalo amelilea kwa mkono tangu mama yake alipokufa. Akasema, "Mchukue huyu. 'Mamosa alinipikia mwaka mzima nilipovunjika mguu. Wewe hukuja hata kunisalimu."

Nilikuwa na kazi nyingi mwaka ule. Lakini sikubishana na mtu anayetoa kondoo.

Alhamisi, 20 Juni

Nimejaza rejeta. Chupa moja ya dawa, mengine yote maji. Rangi nzuri, kijani cha majani machanga. Nimezunguka mtaa mara kadhaa, mshale wa joto ukabaki katikati kama mtu mwenye adabu. Phallang alipunga mkono. Nilijifanya sioni.

Jioni nikampigia 'Mamosa. Akapokea. Sikutegemea apokee, kwa hiyo nilianza vibaya kidogo. Nilimweleza habari za rejeta, kutu, koki, mpira. Alisikiliza. Nikamaliza. Akauliza, "Umekula?" Nikamwambia mshale hauvuki katikati hata ukikanyaga mafuta. Akasema haya, baridi ni kali, nifunike kifua. Simu ikakatika, au aliikata.

Nyumba hii ni kubwa mno ikiwa na mtu mmoja. Sijui kwa nini naandika hivi. Kesho safari.

Ijumaa, 21 Juni

Tumefika. Naandika nikiwa nimejikunyata jikoni kwa wakwe zangu, kijijini kwao Ha Lebesa, moto wa samadi ukinifukiza macho. Nieleze kwa mpangilio.

Tuliondoka na jua. Baba mdogo mbele, kondoo kiti cha nyuma, chupa nne chini ya miguu yake. Mpaka chini ya mlima wa Moteng mambo yalikuwa safi. Kisha barabara ikasimama wima. Kona ya kwanza, mshale ukasogea. Kona ya pili, ukanyanyuka. Nikakumbuka ujanja wa madereva wa zamani: washa hita mpaka mwisho, inavuta joto kutoka kwenye injini. Nikawasha. Nje theluji, ndani tanuri la mkate. Baba mdogo akavua blanketi, akavua koti, akavua sweta, akasema sasa anaelewa kwa nini 'Mamosa alikimbia. Kondoo alitoa ulimi nje, anahema kama amekimbizwa. Maskini alikuwa na kiu njia nzima, na sikuwa na maji ila yale ya rejeta.

Tukasimama, tukasubiri, tukaenda. Tukasimama tena. Nusu ya siku ikaishia hapo mlimani.

Kileleni nikapanga chupa zangu juu ya boneti. Magari yalipita. Dereva mmoja wa lori akasimama, nikajua biashara imeanza. Akauliza kama naomba msaada. Nikamwonyesha dawa. Akacheka bila ubaya, akasema, "Ntate, anayepanda huku mwezi huu bila dawa kwenye injini ni mwendawazimu. Sisi wote tumeshaweka tangu mwezi wa nne." Akaniuliza langu limewekwa kiasi gani. Nikamwambia kiasi cha kutosha.

Karibu na Ha Lebesa, gari likiwa linatambaa, tukasikia kwato. Shemeji Tlelase, juu ya farasi, blanketi limemkaa kama bendera. Akaenda sambamba nasi. Akainama dirishani, akamsalimu Baba mdogo kwa heshima zote, akamsalimu kondoo, kisha akaniuliza kama ningependa afunge kamba atuvute. Nikasema tunaenda pole kwa ajili ya mnyama. Akasema sawa, akatupita.

Tulipofika, jua linazama na baridi inauma meno. Nilitaka kufunika boneti kwa blanketi langu, ndivyo kila mtu wa milimani anavyofanya. Nikalifunika. Papo hapo nikaitwa nyumba ya wanaume kutoa salamu. Sasa nifanyeje? Mkwe anayeomba radhi hawezi kuingia mbele ya wazee bila blanketi, ni kama kuingia uchi. Nikalifunua gari, nikajifunika mimi.

Lakini mimi si mjinga. Maji yakiganda ndani ya rejeta, rejeta inapasuka. Kwa hiyo nimeyamwaga. Yote, kwenye beseni la mama mkwe lililokuwa limeanikwa ukutani, ili kesho niyarudishe. Hakuna kilichopotea. Nilifikiria kuongeza zile chupa nne badala yake. Lakini chupa iliyofunguliwa haina mnunuzi, na Tlelase ana trekta, huenda akazinunua. Beseni nimelisukuma chini ya bampa. Kondoo nimemfunga hapo hapo kwenye bampa, asipate shida ya kutembea.

'Mamosa ameniletea chakula. Ameweka sahani, hakunitazama. Amekonda. Nilitaka kumwambia hivyo, nikamwambia rejeta iko tupu na salama.

Jumamosi, 22 Juni

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi wazee walikaa. Baba mkwe katikati, mzee mkavu, mpole, anayekuumiza kwa upole huo. Tlelase kulia kwake. Mimi mlangoni, chini, kichwa kimeinama. Kwa desturi, aliyesusiwa hasemi, anasemewa. Baba mdogo alinisemea, na lazima nikiri alisema vizuri. Alisema kijana wetu hana ubaya, ana vitu vingi tu kichwani na vyote vina magurudumu. Wazee walicheka. Nikaona mambo yanakwenda.

Baba mkwe akasema wamesikia. Akasema nyumba haivunjwi kwa sufuria. Akasema kondoo aletwe, tumle pamoja, na Jumapili mtoto wao apande gari na mumewe aende kwake. Amini usiamini! Nilisikia machozi yanakuja.

Kondoo akaletwa. Aliingia upande upande. Miguu ya mbele ilitaka kwenda kwa baba mkwe, ya nyuma ilitaka kwenda kwa Tlelase. Akajikwaa pasipo na kitu. Akasimama, akayumba, akamtazama Baba mdogo kwa macho yasiyoona. Tlelase, ambaye amekulia kati ya kondoo, akamtazama kwa muda. Kisha akamuuliza Baba mdogo kwa adabu kama jana usiku walikunywa kikombe kimoja. Wazee wakacheka mpaka wakafuta macho.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaona. Manyoya ya kidevu chake yalikuwa na rangi ya kijani cha majani machanga.

Baba mkwe akasema mnyama amechoka na safari, achinjwe mapema kabla hajadhoofika, nyama isipotee. Tlelase akatoka kutafuta kisu. Naandika ukweli wa mambo yalivyokuwa: desturi inakataza mkwe kusema. Nilikuwa natafuta njia ya kusema bila kusema. Nilikohoa. Nilimkanyaga Baba mdogo mguu, ule uliovunjika, akasema "Nini wewe?" Nilikuwa nimeamua kabisa kuzungumza, labda nyama ikishaanza kuiva, au tukiwa tunanawa mikono.

Mlango ukafunguliwa. 'Mamosa. Wanawake hawaingii kikao hicho. Akaingia. Alikuwa amebeba beseni la mama yake, akaliweka sakafuni katikati ya wanaume. Lilikuwa limelambwa mpaka karibu na chini, na kilichobaki kilikuwa kijani.

Akasema, "Baba, huyo kondoo asiliwe. Kanywa maji ya gari."

Baba mkwe akaniuliza mimi, moja kwa moja, kinyume cha desturi, kama nilijua. Nikasema nilikuwa nahisi. Akauliza nilihisi lini. Nikasema tangu alipoingia. Akageuza uso ukutani, akakaa hivyo.

Kondoo alikufa mchana. Baba mdogo alikaa naye kwenye theluji, amemwekea kichwa mapajani, anamwita kwa jina. Sikuwa najua ana jina. Wamemzika mbali na mto, wala ngozi hawakuchukua. Wazee hawakunifukuza. Waliondoka mmoja mmoja, na hiyo ni mbaya zaidi.

Nikaenda kwenye gari kupoza mawazo. Kulikuwa na ufa pembeni mwa injini, ninaweza kuingiza ukucha. Yale maji ya ndani, ya ile koki ya kutu, yameganda usiku na kuipasua. Nimelaaniwa.

Jioni 'Mamosa akanifuata pale. Nilikuwa na tochi mdomoni. Akasubiri niitoe. Akaongea taratibu, hana hasira, ningependelea hasira. Akasema kesho alfajiri basi linapita hapo barabarani. Yeye atakuwa ndani. Lakini linapita Butha-Buthe kabla ya mpakani. Akasema, "Nitakuwekea kiti pembeni yangu. Ukipanda, tunashuka wote nyumbani. Sitaki kondoo, sitaki kusemewa na mtu. Acha gari hapa hapa lilipo, panda basi. Usipopanda, mimi naendelea na safari."

Nikasema sawa. Nikamshika mkono, ulikuwa wa moto kutoka jikoni. Akaniachia niushike. Sijui ni lini mara ya mwisho nililala nikiwa na furaha namna hii. Kesho naondoka na mke wangu.

Jumapili, 23 Juni

Ilivyokuwa ni hivi.

Niliamka mapema kuliko wote. Nikavaa, nikafunga kimfuko changu, nikasimama kando ya barabara. Baba mdogo alikuwa ameshafika, anataka kurudi kwa basi hilo hilo, hasemi na mimi. 'Mamosa akatoka na mizigo yake. Aliponiona nimesimama pale na mfuko, akatabasamu. Kidogo, lakini alitabasamu.

Basi lilikuwa bado halijatokea. Nikaona nina nafasi ya kwenda kuliaga gari. Nilifunika boneti vizuri, nikakumbuka betri. Mtu haachi betri kwenye gari uani kwa watu, hata wakiwa wakwe. Nikafungua boneti nichukue betri. Jua la kwanza likapiga injini, nikauona ule ufa upya, na kusema kweli haukuwa mbaya kama jana. Jana ilikuwa tochi. Nikakumbuka kwamba ufa mdogo huzibwa kwa unga wa mahindi, unamimina ndani ya rejeta, unaiva kwa joto, unaziba kama saruji. Na kwenye mkoba nilikuwa na unga kidogo wa safari. Kazi ya dakika chache. Nikiwahi, gari linawaka, namwambia 'Mamosa shuka kwenye basi hilo, panda mbele, tunatangulia. Fikiria uso wa Tlelase!

Nikamimina unga. Nikamimina maji. Honi ikalia barabarani.

Nikainua spana juu ili dereva aone nakuja. Nikakaza mpira mmoja wa rejeta, mmoja tu. Honi ikalia tena, ndefu. Nikapiga kelele nakuja. Nilikuwa nakuja kweli, lakini huwezi kuacha mpira haujakazwa, unga wote ungemwagika.

Kutoka pale nilimwona dirishani. Kiti cha pembeni yake kilikuwa na mfuko wake. Abiria walisimama kwenye njia, na mmoja alikionyesha kwa kidole, naye akatikisa kichwa. Alikuwa ananitazama mimi. Hakuita, hakupunga mkono. Dereva akasema kitu. Kisha 'Mamosa akaunyanyua mfuko, akaupakata, na Baba mdogo akakaa.

Basi likaondoka. Nilikimbia mpaka barabarani, spana mkononi, vumbi la theluji machoni. Lilikuwa limeshakunja kona.

Nilisimama hapo muda mrefu. Tlelase akapita na farasi wake kwenda malishoni. Kwa mara ya kwanza hakusema neno.

Jumatatu, 24 Juni

Nimelala ndani ya gari. Baridi imeniua miguu.

Nimefikiri sana na nimetulia. Mambo si mabaya kama yanavyoonekana. Kwanza, alikiweka kiti, na mtu hamwekei kiti mtu asiyemtaka. Pili, yuko na Baba mdogo mpaka Butha-Buthe, hakusafiri na mgeni. Baba mdogo amenipigia simu leo kusema ameshuka peke yake na kwamba nisimpigie tena. Amechoka na safari tu.

Kosa lilikuwa unga. Unga ni wa nyufa ndogo. Nimewasha injini asubuhi, ikakubali, ikanguruma vizuri kabisa mpaka ugali ulipoiva ndani na kutokea kwenye kifuniko. Mbwa wa Tlelase walikuja kuula, nikawafukuza kwa mawe, nisije nikasingiziwa kifo cha hao pia. Mzee mmoja jirani ameniambia dawa ya ufa mkubwa ni ute wa mayai. Mama mkwe ana kuku. Tangu Jumamosi hajanisemesha, na mkwe haombi kitu jikoni kwa mama mkwe, lakini haya ni mambo ya dharura. Nitabisha hodi akishamaliza sala zake.

Na zile chupa nne bado ninazo, hazijafunguliwa. Bloemfontein kuna magari mengi.

Nimeuliza kuhusu barabara. Wanasema kuanzia mpakani ni tambarare mpaka mlangoni kwa 'Mamosa, hakuna mlima hata mmoja. Huko gari haliwezi kuchemka.